Tambara Kavu na Mchanga wa Newala

Lami inapanda kwenda Newala. Kipande cha kwanza kutoka Mtwara, kilomita 50 hadi Mnivata, kimekwisha siku nyingi, na zile 160 zinazobaki, kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi, ndizo zinazoshughulikiwa. Kila palipofika lami huchipuka vitu viwili: kituo cha mafuta na banda la kuoshea magari. Siku hizi bandani hakuuzwi maji na sabuni tu. Kuna kijana mwenye mashine ya kuzungusha sifongo, kopo la kompaundi, na ahadi kwamba mikwaruzo yote itatoka, gari lirudi kama lilivyoshuka melini. Ahadi hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye miaka niliyoishi kati ya Newala na Masasi, magari yake yakibadilika mbele ya macho yangu kizazi baada ya kizazi, na ndiyo inayonifanya nieleze kwa nini mwenye gari wa Masasi au Newala anatakiwa kuikataa mara tisa katika kumi. Sisemi kijana ni tapeli. Mikwaruzo itatoka kweli. Ninachouliza ni kitu gani kingine kinatoka pamoja nayo.

Mkwaruzo si uchafu uliokaa juu ya rangi. Ni bonde lililochimbwa ndani yake, na bonde halifutiki. Unachoweza ni kushusha kingo zake hadi zilingane na chini yake, ili mwanga usipate mahali pa kuvunjikia. Msasa wa maji, kompaundi, polishi, hata dawa ya meno ambayo watu husugulia kwa kidole, vyote vina kazi hiyo moja: kuila rangi nzima iliyouzunguka mkwaruzo. Na rangi ya kuliwa si nyingi. Ukianzia kwenye bati la mlango wa gari la kisasa ukaenda nje, utakuta praima, kisha rangi yenyewe, kisha vanishi isiyo na rangi, ile inayobeba mng'aro na kinga ya jua. Vyote hivyo kwa pamoja kwa kawaida ni mikroni 100 hadi 150, yaani sehemu ya kumi ya milimita na ushee. Vanishi peke yake ni kama mikroni 40, nyembamba kuliko unywele, ambao hufika 70 hivi. Kompaundi kali kwenye mashine hula mikroni chache kila inapopita, na pembeni mwa boneti au kwenye ukingo wa mlango, ambako rangi tangu kiwandani ilikaa nyembamba, hula haraka zaidi. Vanishi ikishakonda, jua la kusini linaingia kwenye rangi ya chini, rangi inapauka, na vanishi yenyewe inaanza kubanduka vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua, kwanza paani na kwenye boneti. Mwenye gari hulaumu jua. Jua limemalizia tu.

Watu wa uwanda wa Makonde, ilipo Newala, wana kila sababu ya kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine, maana wanaishi na wachongaji. Neno msasa lenyewe ni jina la mti wenye majani ya kukwaruza, ambayo mafundi wa mbao walisugulia kazi zao kabla ya karatasi ya dukani kufika. Mchongaji wa vinyago anapoanza na gogo la mpingo, nje hukuta mbao nyeupe, na ndani ndipo penye moyo mweusi. Patasi ikimteleza ikaacha alama, ana ruhusa ya kushuka zaidi, kwa sababu chini ya weusi kuna weusi mwingine. Kisha msasa, kisha polishi ya viatu, na alama imekwisha. Gari ni mpingo uliogeuzwa nje ndani. Rangi iko juu, weupe uko chini, na anayeshuka kutafuta uzuri atafika kwenye praima kabla hajaupata. Jicho lililozoea mpingo linaweza kudanganyika hapo, likaamini kwamba kusugua ni kufunua, kumbe kwenye bati kusugua ni kumaliza.

Mazoea yetu kuhusu rangi yalitoka kwenye magari ya namna nyingine kabisa. Enzi nilizozikuta mimi, gari kwa mtu wa huku lilikuwa Land Rover la serikali, la misheni au la hospitali, na nyuma yake malori ya kubeba korosho. Vichaka vya uwandani vilibana njia pande zote mbili, na hakuna Land Rover lililoshuka Masasi bila mistari mirefu ubavuni, mmoja juu ya mwingine, kama shupatu za mkeka. Hakuna aliyejali. Na hakuna aliyekosea kutojali, ingawa wachache walijua sababu. Land Rover tangu mwaka 1948 lilifunikwa bodi ya alumini, kwa kuwa Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa na uhaba wa chuma huku alumini ya viwanda vya ndege ikiwepo. Alumini ikichubuka hadi chini haishiki kutu nyekundu. Hufanya utando wake mwembamba wa kijivu, mambo yakaishia hapo. Fremu ya chini, ambayo ni ya chuma, ilioza kama chuma chochote, lakini ubavu wenye mikwaruzo ulimaliza umri wake salama. Kutoka hapo tulirithi imani kwamba mkwaruzo, hata ukiwa na kina gani, ni suala la sura tu. Imani hiyo ilikuwa sahihi kwa gari lile, na kwa lile tu.

Kisha Daraja la Mkapa likafunguliwa juu ya Mto Rufiji mwaka 2003, kivuko kikastaafu, lami ya kusini ikaungwa kipande kwa kipande, na magari mafupi yaliyokuwa hayathubutu kuvuka Rufiji yakaanza kuonekana sokoni Masasi. Tangu mwaka 2007 korosho za Mtwara zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, na kwa baadhi ya wakulima na wafanyabiashara malipo ya msimu ndiyo yaliyonunua gari la kwanza katika ukoo. Magari hayo ni Toyota kwa wingi, yaliyotumika Japani miaka kumi au kumi na tano, na ni ya bati la chuma. Hapo mambo mawili yaligeuka kwa pamoja. Mkwaruzo wenye kina ukawa hatari ya kweli, kwa sababu chuma kilicho wazi hushika kutu, na kutu hutambaa chini ya rangi nzima ikainyanyua. Na mkwaruzo mwepesi, ambao hauna hatari yoyote, ukaanza kuwaudhi watu, kwa sababu gari lilikuja na mng'aro na mwenyewe anataka kuuona. Tukapindua hesabu. Leo mwenye gari analipia mikwaruzo isiyodhuru ifutwe, na ule mdogo mmoja ulioonyesha bati karibu na tairi ya nyuma anauacha mpaka ufure kama jipu. Kumbuka pia kwamba gari lililotumika halikuja na historia ya vanishi yake. Hujui lilipigwa kompaundi mara ngapi kabla ya kupanda meli; huenda unachokitumia wewe ni salio la mwisho.

Nani hasa anayakwaruza magari haya? Jibu la kawaida ni barabara, vichaka na mawe, na jibu hilo lina ukweli wake, ila ni mdogo kuliko tunavyodhani. Kila jeraha la rangi lina mwandiko wake. Tawi la kichaka huandika mstari mrefu wa kulala, usawa wa kitasa au wa kioo cha pembeni. Kokoto hupiga mbele, kwenye pua ya boneti na bampa, na huacha kidoa, haiachi mstari. Lakini simama na gari jeusi juani saa nne asubuhi, utazame pale jua linapojiakisi kwenye mlango: utaona utando kama wa buibui ukilizunguka jua. Umbo hilo la mviringo ni kiini macho, kwa sababu mikwaruzo yenyewe imekwenda kila upande na jicho linaona tu ile iliyolikabili jua. Angalia badala yake mahali ilipojaa. Imejaa kwenye milango, kwenye boneti, na kwenye buti kuzunguka kitasa. Sasa panda kwenye kiti utazame katikati ya paa la Toyota Noah. Paa limepigwa na jua kuliko ubavu, vumbi limelikalia kuliko ubavu, na matawi ya njia nyembamba hayakulisamehe, lakini utando ule ni hafifu, mara nyingine haupo. Paa lina heri moja tu: mkono wa mfutaji haufiki.

Aliyekwaruza ni tambara. Kila alfajiri, kutoka stendi ya Masasi hadi vichochoro vya Newala, dereva huchukua fulana kuukuu, huipiga kofi mbili hewani, halafu analifuta gari lote kavu, kwa bidii na kwa moyo safi. Kwenye ile fulana kuna mchanga. Mchanga wa huku, ule mwekundu wa Newala na ule wa Masasi unaomomonyoka kwenye vilima vya mawe, una punje nyingi za kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko kioo cha dirisha, ngumu kuliko kisu cha jikoni. Vanishi mbele yake ni siagi. Punje moja ikinaswa kwenye mkunjo wa fulana inachora kwa kila mzunguko wa mkono, na gari linang'aa kwa nusu saa, hadi basi la kwanza litimue vumbi jingine. Mwaka ukipita, dereva yuleyule hulipeleka gari bandani kuondolewa alama alizozichora mwenyewe, na wiki inayofuata anaanza kuzichora upya juu ya vanishi iliyopungua.

Hapa mtu wa Newala ataninyamazisha kwa neno moja: maji. Na ana haki. Uwandani hakuna mto wa kuchota. Maji hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, na nyumba nyingi zina kisima cha saruji cha kuvuna maji yanayotiririka batini masika, yapimwe kwa ndoo hadi masika mengine. Nani ataoshea gari maji hayo? Jibu langu la kwanza ni la upole: ndoo mbili za lita 20 zinatosha gari dogo, mradi kazi ianze kwa kumwaga na si kwa kusugua. Nusu ya ndoo ya kwanza imwagwe taratibu kutoka juu, mchanga uteremke wenyewe; robo yenye sabuni ishuke na kitambaa laini kutoka paani kwenda chini, sehemu ya chini ya milango ikiachwa mwisho, maana ndiko kwenye mchanga mwingi; kitambaa kisuuzwe kwenye ndoo ya pili kila upande mmoja ukimalizika. Jibu la pili ni kali zaidi, na ndilo ninaloliamini: kama maji hayapo, liache gari na vumbi lake. Vumbi lililotulia halikwaruzi kitu. Linaanza kukwaruza pale tu unapolisukuma. Futa vioo, taa na namba za gari, ambavyo ni vya usalama na sheria, mengine yasubiri. Gari lenye vumbi la wiki mbili litaoshwa likawa safi. Lililofutwa kavu kwa wiki hizo mbili litaoshwa, na michoro itabaki.

Yako mambo mawili ya kuangaliwa zaidi kwenye kanuni hiyo, na yote yanatoka kwenye mkorosho. Kuanzia kama Juni hadi Septemba mashamba hupulizwa salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na ule unga wa manjano unasafiri na upepo ukakalia kila kitu, magari yakiwemo. Unavutia kufutwa kwa sababu unaonekana. Usiufute, mwagia maji, na kama hayapo, umbali wa barabarani utaupunguza wenyewe. Jambo la pili ni kivuli. Hakuna kivuli kizuri mchana wa Oktoba kama cha mkorosho, na hakuna kibaya zaidi kwa boneti: bibo lililoiva likidondoka hupasuka, maji yake ni makali na yana madoa, na popo wanaolifuata usiku huacha ya kwao. Vitu hivyo vikikaushwa na jua juu ya rangi hula alama ambayo kweli itahitaji kusuguliwa. Hapo kikombe kimoja cha maji saa ileile ni nafuu kuliko kompaundi ya mwezi ujao.

Wengine hupinga kwa hoja ya soko. Gari lisilong'aa, wanasema, halipati abiria, halikodiwi harusini, na siku ya kuliuza litapunjwa bei. Kuhusu abiria sibishani sana. Wa Nagaga au wa Tandahimba anauliza nauli na kiti, lakini najua bwana harusi anauliza mng'aro. Kuhusu kuuza, hoja inamgeukia anayeitoa. Mnunuzi anayejua gari haogopi mikwaruzo myepesi. Anaogopa mng'aro asioujua asili yake. Ataligonga kwa vifundo vya vidole asikilize kama mlango unalia bati au unalia puti. Atapitisha sumaku iliyofungwa kitambaa, aone mahali inapoachia, kwa sababu sumaku haishiki puti nene. Atafungua mlango alinganishe rangi ya ndani ya fremu na ya nje. Rangi ya kiwandani yenye michubuko ya miaka yake inamweleza kwamba gari halijagongwa likafichwa, na maelezo hayo yana thamani ambayo kompaundi hailipi. Mng'aro unamvutia mnunuzi asiyejua, na ni kweli wako wengi. Ila kuwategemea hao si hoja ya utunzaji wa gari, ni hoja ya namna nyingine, na kila mtu ajibu kwa dhamiri yake.

Upinzani unaoniuma ni wa kijana wa bandani mwenyewe. Mashine aliinunua kwa jasho, na mimi nakaa pembeni nikiwaambia wateja wasimwendee. Lakini angalia anachouza. Sehemu kubwa ya "kuondoa mikwaruzo" ya bei ndogo haiondoi hata hiyo mikwaruzo; ni polishi yenye mafuta ya silikoni inayojaza mabonde yasionekane, na mvua za masika zinayafunua tena. Dizeli inayopakwa kwa matambara kwenye bampa hufanya hivyohivyo, halafu inakamata vumbi kama gundi. Kiwi nyeusi kwenye plastiki kavu, sawa, haidhuru mtu. Kijana anaweza kuuza kitu cha kweli zaidi na kukiuza mara nyingi zaidi: uoshaji wa kumwaga kwanza, nta ya kukinga baada ya kuosha, na kuziba majeraha yaliyofika kwenye bati. Hiyo ya tatu karibu hakuna anayeiuza, wakati ndiyo kazi pekee ambayo gari linaidai kwa lazima. Fundi bodi haitaki kwa sababu ni ndogo mno kwake; atakushauri upige mlango mzima. Mlango mzima, ukipuliziwa nje chini ya mti, utabeba vumbi la siku hiyo ndani ya rangi milele.

Sikatai kwamba iko siku ya kompaundi. Paka mate au maji juu ya mkwaruzo: ukipotea ukiwa umelowa na kurudi ukikauka, uko ndani ya vanishi. Pitisha ukucha juu yake kwa kuukata: usipokwama, kina chake ni kidogo. Mkwaruzo wa namna hiyo, mmoja, mahali panapokuudhi kila ukifungua mlango, unaweza kusuguliwa kwa mkono, eneo la kiganja tu, kwa kompaundi laini, mara moja katika umri wa gari. Magari meupe yana hesabu yake. Soma kibao cha Toyota ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, mbele ya herufi C/TR. Ukikuta 040, mara nyingi hiyo ni nyeupe ya koti moja isiyo na vanishi, na ukisugua kitambaa kitageuka cheupe. Ule weupe ni rangi yako.

Ukucha ukikwama, na ndani ukaona kijivu au bati, acha mashine kabisa. Pale hakuna kingo za kushusha, kuna shimo la kujaza. Kazi yake ni ya njiti ya kiberiti. Kunja msasa mdogo wa maji uwe ncha, utoe kutu yote bila kuzidi ukingo wa jeraha, pangusa kwa spiriti, ngoja pakauke. Chovya njiti kwenye praima, gusa katikati tu, iachie isambae yenyewe. Kesho yake rangi yenye namba ya kibao chako, tone moja, na la pili baada ya la kwanza kuwa gumu, hadi lisimame juu kidogo ya usawa wa rangi ya zamani; kama gari lina vanishi, tone lake la mwisho. Lami mpya itakapofunguliwa, kwa miezi ya mwanzo itarusha kokoto ambazo hazijalala, na pua za boneti zitapata vidoa vyake vyeusi. Kopo dogo la rangi na kiberiti vinakaa kwenye kijaluba cha mbele ya abiria bila kuchukua nafasi. Tone likikauka litaonekana, kama punje ya mtama, kwa anayeinama kulitafuta.